Wafunikwa wa Nantende: Funda la Maji

Sehemu ya Kumi na Moja

Panga la kwanza lilisimama upana wa kidole kutoka kooni kwa Jafari.

Halikusonga mbele wala halikurudi. Mama yake, Rukaiya, alikuwa amesimama kwenye kundi la wanawake, hatua kumi tu kutoka pale. Aliiona pumzi ya mwanawe ikitia ukungu kwenye bapa la panga.

Ewe uliyetuacha wiki jana ukalala vibaya, shika hapo hapo. Jafari ndiye yule aliyeondoka Nantende miaka tisa iliyopita, akaenda Masasi kuchomelea mageti ya watu, na leo amerudi juu ya bodaboda. Na Nantende ndio ule ufalme uliojificha kwenye mkunjo wa nyanda za juu. Ukifika Mnyambe ukauliza njia ya kwenda huko, watu watakwambia hawaijui. Wanaijua. Simu hunyamaza ukishavuka korongo lake, na ukungu wake hautoki mbinguni, hutoka ardhini, kwenye Shimo.

Huko ndiko wanakotawala Wafunikwa. Hujipaka majivu usoni, huvaa kaniki nyeusi, na kila mwezi humwaga unga chini ya mti wa msolo kwa jina la mtu mmoja, wakaufunika kwa chungu. Jua likifika utosini, chungu hufunuliwa. Unga ukiwa umesimama, mtu huyo amepona. Ukiwa umeporomoka, anashushwa Shimoni.

Kwa miaka mitatu unga haujasimama hata mara moja.

Na jina la leo lilikuwa Stamili, binti yake Rukaiya, mdogo wake Jafari, ambaye Wafunikwa walikuwa wamekwisha kumfungia.

"Kata!" alipiga kelele mmoja wa wenye majivu.

"Kateni," alisema Jafari. "Lakini mjue mnachokata. Mimi ni mpwa wa mfalme wenu, Mwenye Faruku. Kiti cha Nantende hakimwendei mtoto wa Mwenye, kinamwendea mtoto wa dada yake. Mama yangu ndiye dada, na mimi ndiye mtoto."

Watu wakaguna. Ilikuwa kweli, na kila aliyekuwepo alijua hivyo tangu anyonye.

"Mpwa!" Bartholomayo alicheka. Huyu ndiye msemaji wa Wafunikwa, mtu mwembamba mwenye meno makubwa. "Miaka tisa hukuja hata kumpikia mjomba wako uji, na yeye yuko kitandani mwaka wa tatu hawezi kuinua kijiko. Leo umekumbuka upwa?"

Nyuma ya Bartholomayo alisimama Mfunikaji mwenyewe, mkuu wa Wafunikwa.

Wanawake wote waliinamisha macho. Mfunikaji alivaa kinyago, sura ya mti iliyopandikizwa nywele za watu, na kaniki iliyomfunika mpaka vidoleni. Hakuwahi kusema mbele ya watu. Alikuwa akimnong'oneza Bartholomayo, naye ndiye aliyetamka. Ni nani aliyekuwa ndani ya sura ile? Mwanamke wa Nantende hafundishwi kuuliza. Anafundishwa kuangalia chini.

"Basi nadai mila," alisema Jafari. "Tangu lini unga wa ukoo unamwagwa na mtu asiye na uso? Unga humwagwa na mama. Mama yangu yu hai, yule pale!"

Vichwa vyote viligeuka. Rukaiya alihisi kama amevuliwa nguo.

Mfunikaji aliinama kwenye sikio la Bartholomayo. Walichukua muda. Kisha Bartholomayo akatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Rukaiya kuliko mapanga.

"Mfunikaji amekubali. Mama atamwaga kwa mkono wake. Na kwa kuwa mama ni mmoja, unga utakuwa mmoja. Ukiporomoka, wanashuka wote wawili, Stamili na kaka yake."

Wakamsukuma Jafari kifudifudi, uso ukazama kwenye mchanga uliotandazwa chini ya mti. Ulikuwa mchanga mweupe, laini kama poda, ambao Wafunikwa waliubeba wenyewe kutoka Ruvuma mwaka ule walipoanza. Wakamfunga mikono. Silvano, dereva wa bodaboda aliyemleta kutoka Chiungutwa, naye walikuwa wamemfunga kwenye usukani wa pikipiki yake.

"Mimi simo!" Silvano alikuwa akilalamika. "Mimi nimeletwa na nauli tu, jamani!"

Rukaiya alisogea kwa mwanawe. Hawakumzuia, mama ni mama. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama," Jafari alisema, mchanga ukiwa midomoni.

"Marahaba, baba yangu. Ungebaki Masasi."

"Sikiliza," alinong'ona haraka. "Vile vidudu vya uvunguni mwa ghala la bibi, vinavyotembea kinyumenyume, vinavyochimba vishimo mchangani. Unavikumbuka? Tulikuwa tunaviimbia vitoke."

"Wamekupiga kichwani?"

"Mama, vimo humu. Nimeviona kwa macho yangu, mchanga umejaa. Vinachimba chini ya unga mpaka jua linafika juu. Sio mizimu inayouporomosha. Ni vidudu."

"Mnasemeshana nini?" Bartholomayo aliruka.

"Namuuliza amekula," alisema Rukaiya.

Akasimama, magoti yakimlia, akaenda nyumbani kuchukua unga.

Walimtuma Yasinta amfuate. Msichana wa jirani huyu, aliyekua akicheza rede na Stamili uani kwa Rukaiya, sasa majivu yalikuwa usoni na panga mkononi.

Ndani, Rukaiya aliangalia unga wa mtama kwenye ungo, akaanza kuutia mfukoni. Amejua sasa. Lakini kujua kutamsaidia nini? Angesema, "Kuna vidudu," wangesema mizimu ndiyo imevituma. Angeomba kuchekecha mchanga, wangemkata palepale. Saa mbili za asubuhi. Mpaka adhuhuri, watoto wake wote wawili wangekuwa Shimoni.

"Ya Rabi," alisema, "nionyeshe hata kidogo."

Macho yakaangukia kwenye ndoo ya maji.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo Rukaiya alipokumbuka.

Mama yake alikuwa akipuliza maji! Kabla ya kumwaga unga, marehemu mama yake alibeba funda la maji kinywani, akalipuliza mara tatu chini, ardhi ikalowa ikakaza, ndipo unga ukakaa juu yake. Sio mama yake tu, wanawake wote wa zamani. Na nani aliyeacha?

Yeye. Ulikuwa mwaka wa ukame, ndoo moja ni kushuka mteremko na kupanda nayo tangu alfajiri mpaka jua kali, na yeye, mwanamke kijana aliyechoka, alisema mbele ya wenzake, "Maji haya si bora tunywe? Mizimu itatuelewa." Wakacheka, wakakubali. Mwaka uliofuata hakuna aliyekumbuka. Kila mtu wa nyanda hizi hubana maji, ni akili ya kwetu. Basi hata Mungu wakambania. Na pale palipobaki pakavu ndipo Wafunikwa walipomwaga mchanga wao.

Akachota kikombe.

"Hapana," alisema Yasinta mlangoni. "Maji hayavuki kivuli cha msolo. Ni sheria ya Mfunikaji. Vua kitambaa nikague."

Akamkagua. Kichwani, kifuani, kwenye pindo za khanga, mpaka kwenye mfuko wa unga aliingiza mkono. Hakupata kitu.

"Basi niache nisukutue," alisema Rukaiya. "Nitataja majina ya wazee na kinywa kilicholala?"

Yasinta akafikiri. "Sukutua. Upesi."

Rukaiya alisukutua, akatema. Alisukutua tena, akatema. Mara ya tatu alijaza mpaka mashavu yakauma, akafuta midomo kwa upindo wa khanga, akatangulia kutoka.

Hakutema.

Kutoka kwake mpaka kwenye msolo ni hatua mia mbili. Amezitembea tangu utoto bila kuzihesabu. Leo alizihesabu.

"Mama Jafari," Yasinta alianza, kwa sauti ndogo, "mimi binafsi sina ubaya na Stamili."

Hatua thelathini. Rukaiya alipumua kwa pua.

"Unajua walivyo. Ukikataa, mwezi ujao ni jina lako."

Hatua sitini. Maji yalianza kupata joto. Koo lilitaka kumeza lenyewe, kama koo la mtoto mwenye kiu.

"Umenichukia, eeh? Mama Jafari, mbona kimya?"

Rukaiya alitikisa kichwa. Chozi likamtoka, Yasinta akaliona, akanyamaza. Bila shaka alidhani anajua sababu yake.

Hatua mia na hamsini. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka Shimoni, na ndani yake, mapema kuliko siku zote, ikaita ile sauti ya Shimo inayojua majina ya watu. "Ru-ka-i-ya." Sauti ya mwanamke. Nywele zilimsimama. Alimeza kidogo, kidogo tu, bila kutaka, na nusura apaliwe. Alisimama, akakaza midomo, kikohozi kikampanda kifuani kikarudi. Mungu akamshikia.

Akafika penye kivuli. Bartholomayo akamkingia njia.

"Shikamoo, Mama Jafari," alisema, akainama kwa kejeli mpaka watu wakaona.

Ndugu zangu, mnajua shikamoo ni nini. Mtu mzima hamnyimi marahaba hata mwizi. Kutoitikia ni kumwambia mwenzio umekufa.

Rukaiya alimtazama.

"Nimesema, shikamoo."

Watu walianza kugeuka. Tone moja lilitoka pembeni mwa mdomo wa Rukaiya, likateremka kidevuni. Alilifuta kama anayefuta jasho. Bartholomayo alikunja uso, akasogea karibu zaidi, macho yake kwenye yale mashavu.

"Una nini kinywa—"

"We baba, muache mama wa watu!" Ilikuwa sauti ya Silvano, kutoka kwenye pikipiki. "Mwanae ana panga shingoni, wewe unadai marahaba! Ya nini, utaunga nayo mboga? Hebu nirudishie funguo yangu kwanza, nina abiria wa saa saba Chiungutwa!"

Kicheko kikapasuka. Hata mwenye majivu mmoja alicheka akajiziba mdomo. Bartholomayo aligeuka kwa hasira kumtafuta aliyesema, na katika kugeuka kule Rukaiya akampita, akapiga magoti chini ya msolo, akainama mpaka khanga ikamfunika kichwa.

Puu! Puu! Puu!

Mchanga mweupe ukageuka mweusi.

"Maji!" Yasinta alipiga yowe. "Ameleta maji!"

Mapanga yakanyanyuka. Jafari akajirusha kwa kamba zake, wakamkanyaga mgongoni. Rukaiya alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuijua, hata siku aliyofiwa na mume. Lakini kinywa chake kilikuwa huru, na kilisema.

"Mama yangu alipuliza maji hapa! Mama yake alipuliza! Mimi ndiye niliyeacha, kwa uvivu wangu, na leo narudisha. Mwanamke wa umri wangu aseme kama nadanganya!"

Ukungu ulipita katikati ya watu.

"Ni kweli," ilisema sauti ya kikongwe mmoja nyuma, Bibi Maria, ambaye hakuwa amefungua mdomo hadharani tangu mjukuu wake ashushwe. "Tulikuwa tunapuliza."

"Tulikuwa tunapuliza," alisema mwingine.

"Kweli, mara tatu."

Wanawake wakaanza kuinua macho. Mmoja, halafu mwingine. Wakamtazama Mfunikaji usoni, usoni kabisa, na Wafunikwa wenye mapanga wakatazamana.

Sura ya mti iliinama kwa Bartholomayo. Safari hii ilinong'ona kwa muda mfupi.

"Amwage," alisema Bartholomayo, na hakutabasamu.

Rukaiya alichota unga kwa vidole, akauachia ushuke polepole kama alivyofundishwa, akitaja, "Stamili. Na Jafari. Bismillah." Kilima kidogo kikajengeka juu ya mchanga uliokaza, kikachongoka. Wakakifunika kwa chungu cheusi.

Wakangoja.

Nisiwachoshe na saa zile. Jua lilipanda, ukungu haukuondoka. Mara mbili Rukaiya alidhani amesikia unga ukianguka ndani ya chungu, jambo lisilowezekana kusikika. Mara tatu sauti ya Shimoni iliita jina lake, na mara ya tatu iliongeza na la Stamili. Upepo ulikausha mchanga pembeni mwa chungu, ukaanza kuwa mweupe tena. Je, na ndani?

Jua likafika utosini.

Bartholomayo alishika chungu kwa mikono miwili. Akakinyanyua.

Unga ulikuwa umesimama.

Umechongoka vilevile, haukupungua hata punje. Na pembeni yake, kwenye mchanga wenye unyevu, vidudu vitatu vya kijivu vilikuwa vikitambaa kinyumenyume, juani, mbele ya watu wote, vikitafuta pakavu pa kujificha.

Bibi Maria akapiga kigelegele, na Nantende nzima ikalipuka. Watu walilia, walisukumana kuja kuviona vile vidudu. "Hivi ndivyo vilivyomla mwanangu?" aliuliza baba mmoja, akarudia, akarudia. Yasinta alitupa panga, akakaa chini, akaanza kujifuta majivu kwa mate.

Mfunikaji hakukimbia. Alipiga ngumi shina la msolo, mara moja, kwa ghadhabu. Kaniki ikapanda mpaka kiwikoni.

Rukaiya alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote.

Aliuona mkono.

Kovu lilianzia kifundoni likapanda kama jani la mkorosho lililonyauka. Alilijua kovu lile. Yeye ndiye aliyelitia, akiwa na miaka saba, walipokuwa wakichoma korosho kwenye bati lililotobolewa. Alimsukuma mwenzake kwa utani, mafuta ya maganda yakamrukia mkononi, ngozi ikatoka.

Mwenzake yule alikuwa kaka yake. Mwenye Faruku. Mgonjwa asiyeinua kijiko. Asubuhi ileile alikuwa amemlisha uji, akaufuta mkono uleule kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Alielewa yote kwa mpigo. Faruku ana mtoto wake wa kiume. Mtoto wa Mwenye hapati kiti, ila watoto wa dada wakiisha.

Na nani aliyemshauri Jafari miaka tisa iliyopita aende mbali "kwa usalama wake"? Mjomba.

"Jafari!" aliita.

Lakini wanawake wanne walikuwa wamembeba Rukaiya juu, wakicheza naye. "Nishusheni! Nishusheni, jamani!" Walidhani ni furaha. Alipotua chini, sura ya mti ilikuwa imeshapotea kwenye ukungu, na kamba za Jafari zilikuwa zimelala tupu mchangani.

"Yuko wapi mwanangu?"

"Amekimbilia kwa Mwenye," alisema Silvano, akijisugua mikono. "Anasema mjomba wake ndiye mwenye amri ya kumtoa dada yake. Kasema ni mtu pekee anayemwamini hapa."

Rukaiya alikimbia. Miaka sitini na mbili, pekupeku, khanga ikimdondoka njiani asiiokote.

Mlango wa Mwenye ulikuwa umerudishwa. Aliusukuma.

Faruku alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni, kama siku zote. Ila kifua kilimpanda na kushuka haraka. Jafari alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye, kikombe mkononi.

"Mama! Mjomba amekubali, Stamili anatoka sasa hivi. Ila ameona nimechoka, kasema ninywe kwanza uji."

"Ni uji wako, dada," Faruku alisema, kwa ile sauti ya kufa aliyoitumia miaka mitatu. "Ule wa asubuhi. Nimembakishia mwanetu."

Hakubakisha. Rukaiya mwenyewe alikwangua bakuli, akaliosha, akalifunika kichanjani.

Alivuta pumzi apige kelele. Ndipo alipoona, nyuma ya mgongo wa Jafari, chini ya pazia la chumba cha ndani, miguu ya msichana yenye shanga za buluu kifundoni. Shanga za Stamili. Kando yake ilikuwa miguu mingine, mikubwa, yenye majivu. Na katikati yao ncha ya panga iligusa sakafu, ikapanda taratibu mpaka haikuonekana tena.

Faruku alitoa kidole kwenye shuka, akakiweka juu ya midomo yake.

Akisema, ni Stamili. Akinyamaza, ni Jafari.

Asubuhi kinywa chake kilijaa, akavumilia hatua mia mbili. Sasa kilikuwa kitupu, kikavu kama mchanga wa Wafunikwa, na mwanawe alikuwa amekaa hatua mbili tu mbele yake.

Jafari aliinua kikombe. Kikafika mdomoni. Akatulia, akamtazama mama yake juu ya ukingo wa kikombe.

"Mama," alisema, "mbona kimya?"